Tofauti za Kisiasa Zisivunje Makundi Yetu ya Burudani



Asubuhi ya Jumamosi moja katika msimu wa kampeni, waendesha baiskeli wanne walikutana kando ya barabara iendayo Entebbe, mahali walipozoea kuanzia safari yao ya kila juma. Kwa kawaida kundi hilo hutoka watu ishirini au zaidi: mwalimu, fundi wa magari, muuguzi, wafanyabiashara wa sokoni na vijana wa chuo. Jambo pekee linalowaunganisha ni kupenda baiskeli. Siku hiyo walikuwa wanne tu.

Walipokaribia Kajjansi, mmoja wao aliteleza, akaanguka na kuumia bega vibaya. Mwenzake alituma ujumbe wa kuomba msaada katika kundi lao la WhatsApp. Mwanachama mwenye pikapu, ambaye miaka yote ndiye aliyewabeba walioharibikiwa njiani, hakuuona ujumbe huo. Alikuwa amejitoa kundini siku tatu kabla. Wengine walikuwa wamelinyamazisha kundi katika simu zao ili wasisikie tena ugomvi. Majeruhi alipelekwa hospitali na mwendesha bodaboda ambaye hakumfahamu hata mmoja wao.

Ugomvi wenyewe ulianza na picha. Mwanachama mmoja alituma picha yake akiwa amevaa jezi yenye rangi ya chama anachokipenda. Mwingine akajibu kwa mzaha. Mzaha ukajibiwa kwa kejeli, na kejeli kwa tusi. Kufikia saa sita usiku jumbe zilikuwa zimepita mia moja. Kabila la mtu likatajwa, mke wa mtu akatajwa, na hatimaye yakaandikwa maneno haya: "Tunajua unapolala." Juma lililofuata wanachama wawili walifika kituoni petu, kila mmoja na simu yake mkononi, kila mmoja akitaka mwenzake afunguliwe mashtaka. Mmoja wao ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi ya mwenzake.

Kisa hiki si cha waendesha baiskeli peke yao. Tumekutana na mfano wake miongoni mwa mashabiki wa mpira, waimbaji wa kwaya na wafugaji wa kuku. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili hutokea, sheria inasema nini, na wanachama wenyewe wanaweza kufanya nini kabla askari hajaitwa.

KUTOFAUTIANA SI KOSA

Tuanze na lililo wazi. Kuwa na maoni ya kisiasa si kosa, na kuyasema si kosa. Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamhakikishia kila mtu uhuru wa kusema na kutoa maoni yake. Mahakama nazo zimeulinda uhuru huo mara kadhaa. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu kilichofanya uchapishaji wa habari za uongo kuwa kosa la jinai. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno na hayakuonyesha mpaka ulio wazi. Kwa hiyo mwananchi anayefika kituoni na kusema, "Afande, huyu ameniudhi kwa maoni yake," asishangae akiambiwa kwamba kuudhika peke yake hakutoshi kumfikisha mtu mahakamani.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Ibara ya 43 ya Katiba hiyohiyo inakataza kuitumia haki yako kwa namna inayovunja haki za wengine. Kumtishia mtu kwamba atadhuriwa ni kosa, liwe limetamkwa uso kwa uso au limeandikwa kwenye simu. Kutoa maneno ya kuwadhalilisha watu au kuchochea chuki dhidi yao kwa sababu ya dini, kabila au eneo wanakotoka ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka mitano. Katika kisa chetu, jezi haikuwa kosa, mzaha haukuwa kosa, na hata kejeli haikuwa kosa. Jambo lilivuka mpaka pale kabila lilipofanywa tusi na pale mahali pa mtu pa kulala palipogeuzwa kuwa tishio.

Wananchi wa Uganda wanajua kutofautiana hadharani. Julai 2018, katika uchaguzi wa viongozi wa LC 1, wapiga kura walipanga mistari nyuma ya wagombea wao. Hapakuwa na sanduku la siri. Kila jirani alimwona jirani yake amesimama nyuma ya nani, kisha wakarudi kuchota maji katika kisima kimoja. Ikiwa tuliweza kusimama katika mistari tofauti huku tukitazamana, tujiulize: kwa nini tunashindwa tunapoandikiana?

KWA NINI MANENO YA SIMU HUWAKA UPESI

Sababu ya kwanza ni kwamba maandishi hayana uso wala sauti. Mtu anayetaniwa barazani huona tabasamu la mtani wake. Anayetaniwa kwenye simu huona herufi tu, na kama alikuwa na hasira tangu kazini, atazisoma herufi hizo kwa hasira aliyo nayo.

Sababu ya pili ni hadhira. Watu wawili wakibishana peke yao, mmoja anaweza kukubali kwamba amekosea, na mambo yakaisha. Wakibishana mbele ya watu mia moja na hamsini, kila mmoja anaona kwamba kunyamaza ni kushindwa. Hapo hoja huachwa, ikabaki heshima ya mtu, na heshima haigawanyiki katikati kama ndizi.

Sababu ya tatu ni jumbe za kuletwa. Mengi yanayowasha moto hayakuandikwa na mwanachama yeyote wa kundi. Yametoka mahali pasipojulikana, yakapita mikono mingi, yakatupwa kundini na mtu ambaye huenda hata hakuyasoma hadi mwisho. Kampuni yenye WhatsApp iliiona hatari hiyo. Tangu Januari 2019 ujumbe unaweza kusambazwa kwa watu au makundi matano tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye alama ya mishale miwili, hupelekwa mahali pamoja tu kwa kila mara. Ukiona mishale hiyo miwili, ujue kwamba aliyekuletea si mwandishi wake, na pengine hawezi kukuambia mwandishi ni nani.

TULIYOYAONA KWA JIRANI

Wapo watakaosema kwamba maneno ya simu ni maneno tu. Tukumbuke yaliyotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wakati huo wengi hawakuwa na intaneti mkononi. Walikuwa na ujumbe mfupi wa kawaida, na kwa njia hiyo jumbe za chuki za kikabila zilisambazwa kutoka simu hadi simu. Tume iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha. Hatusemi kwamba simu ndiyo iliyowaua. Tunasema kwamba majirani waliozoeana miaka mingi walifundishwa kwa maandishi kuitana maadui, na waliokuwa tayari kudhuru wakapata njia rahisi.

Sisi huku tuliyaonja machungu hayo. Wakimbizi walivuka mpaka kwetu kupitia Malaba na Busia, reli iling'olewa katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na petroli ikaadimika na kupanda bei hapa Kampala. Mwaka huohuo wa 2008 Kenya ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na kuunda tume ya kuisimamia. Sheria ilifika baada ya msiba. Sisi tunayo nafasi ya kutangulia.

MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Wekeni kanuni mapema. Kanuni inayotungwa katikati ya ugomvi huonekana kama fimbo ya upande mmoja. Zitungwe wakati wa utulivu, zikubaliwe na wanachama wote, ziwe fupi, na ziandikwe katika maelezo ya kundi ambapo kila anayejiunga atazisoma.

2. Amueni siasa ina nafasi gani. Makundi mengine huiondoa kabisa, mengine huifungulia kundi la pembeni kwa wanaoitaka. Njia zote mbili zinafaa, mradi kanuni iwe moja kwa wote. Mkikataza jezi ya chama kimoja, katazeni na wimbo wa chama kingine, na picha ya mgombea iliyofunikwa kwa salamu za sikukuu. Aidha, tofautisheni siasa za vyama na mambo ya umma yanayogusa burudani yenu. Waendesha baiskeli hawawezi kukatazwa kuzungumza juu ya njia ya baiskeli na watembea kwa miguu pale Namirembe Road na Luwum Street, wala kodi ya vipuri. Wazungumze juu ya njia na kodi, pasipo kuulizana nani alimpigia nani kura.

3. Jibu hoja, usimguse mtu. Kusema "Sikubaliani na sera hii, kwa sababu itapandisha bei" ni kujibu hoja. Kusema "Watu wa kwenu ndivyo mlivyo" ni kumgusa mtu, na pamoja naye umegusa wazazi wake na kijiji chake. Familia, kabila, dini, maumbile na makazi ya mtu visiingizwe katika mabishano kamwe.

4. Wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, na ikiwezekana wasiwe wa mwelekeo mmoja. Kazi yao ni kupima mwenendo wala si maoni. Hatua ya kwanza iwe kumwandikia mhusika faraghani, kwa heshima: "Ndugu, ujumbe ule umevuka kanuni yetu, tafadhali uuondoe." Asiposikia, kundi lifungwe kwa saa chache, wasimamizi pekee waweze kuandika, mipangilio ya WhatsApp inaruhusu hivyo. Kumwondoa mtu kuwe hatua ya mwisho, na aambiwe sababu. Msimamizi anayemwondoa mpinzani wake na kumwacha rafiki yake aliyetukana zaidi ameliua kundi kwa mkono wake mwenyewe.

5. Usisambaze usichokijua. Kabla ya kutuma, jiulize habari hii imetoka wapi, ni ya lini, na ingekuwa juu ya ndugu yako ungeituma? Usipoweza kujibu, iache ife kwenye simu yako.

6. Wekeni simu chini, mkutane. Ugomvi uliopita majibu matatu haumaliziki kwa maandishi. Pigianeni simu msikie sauti, au mkutane kwa chai mbele ya mzee mnayemheshimu wote. Maneno mazuri, wahenga walisema, humtoa nyoka pangoni.

POLISI WAITWE LINI?

Polisi hawaamui nani yuko sahihi katika siasa. Askari aliyevaa sare hana chama, na mwananchi ana haki ya kumdai hivyo. Ugomvi wa maneno wa kawaida umalizwe na wasimamizi, na ukiwashinda, mwenyekiti wa LC 1 au ofisa wa polisi wa uhusiano na jamii anaweza kuwaketisha wahusika bila kufungua jalada.

Lakini patokeapo tishio la kumdhuru mtu, wito wa kushambulia watu wa kabila au dini fulani, au makazi ya mtu kutangazwa ili afuatwe, usingoje. Usijibu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mwandishi, tarehe na saa. Usiufute ujumbe wala kuukatakata, na msimamizi naye ahifadhi ushahidi kabla ya kuuondoa kundini. Usiisambaze picha hiyo kwa watu wengine ili kumwaibisha aliyeandika, kwa maana utakuwa umeueneza moto uleule. Fika kituo cha polisi kilicho karibu. Ikiwa hatari iko mlangoni, piga 999 au 112.

KUHUSU WALE WAWILI

Wasomaji watataka kujua mwisho wa kisa. Tishio halikuchukuliwa kama mzaha. Aliyeliandika aliandikisha maelezo, akaonywa, akaomba radhi mbele ya mwenzake na baadaye mbele ya kundi zima. Aliyetishiwa aliikubali radhi hiyo, akaomba jambo lisiendelee. Kundi likatunga kanuni zake, likachagua wasimamizi watatu badala ya mmoja, na siasa za vyama zikapelekwa katika kundi la pembeni.

Hata hivyo si wote waliorudi. Jumamosi hizi wanatoka kumi na wawili au kumi na watatu. Mwenye pikapu amerejea. Mwalimu hakurejea, na anaendesha baiskeli peke yake upande wa pili wa mji. Radhi huponya mengi, lakini mtu aliyetajiwa kabila lake na rafiki hulikumbuka neno hilo kila anapomwona. Kampeni hupita, washindi wakaapishwa na mabango yakabanduliwa ukutani. Atakayekuokota ukianguka barabarani ni mwenzako wa kundi, awe amesimama katika mstari wako au mstari mwingine. Mwekee akiba ya maneno.