Kivuli cha Wote, Shauri la Wote

Kituntu, wilayani Karagwe, si mji bado. Lakini penye maduka mapya kando ya barabara miti hukatwa kwanza. Mtu wa huko hahitaji kufundishwa thamani ya mti: katika kibanja chake mibuni na migomba huishi na miti iliyoachwa makusudi. Tena Karagwe iliona, baada ya wakimbizi wa Rwanda kuingia mwaka 1994, jinsi kuni za kambi zilivyoteketeza miti.

Basi twauliza: pakitengwa mahali pa kivuli karibu na soko, nani aamue? Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano wa kijiji na uchague mahali na aina ya mti. Wananchi wasiitwe siku ya kupanda tu, washike majembe, wapigwe picha, warudi makwao.

Mwaka 1989 huko Nairobi palikusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Bibi Wangari Maathai alipinga, akadhihakiwa Bungeni; jumba halikujengwa. Twalisema hili kwa haya kidogo, maana jumba lenyewe lilikuwa la gazeti la chama, KANU. Chama kilimsahau mchuuzi asiye na bustani kwake, ambaye hupumzika pale.

Madiwani na wenyeviti wa vijiji vya Kituntu walete shauri hili mkutanoni kabla viwanja vya barabarani havijagawiwa vyote.