Kazi Isiyo na Jina: Picha za Elizabeth Catlett Darasani

Tunapofundisha msamiati wa kazi, karibu kila mwaka tunapata sentensi hii: "Baba ni dereva, mama hafanyi kazi." Ukimwuliza mwanafunzi nani alichota maji, nani alipika na nani alilima, atajibu: mama. Lugha nayo inachangia. Afuaye nguo kwa malipo ni dobi, aleaye watoto wa wengine ni yaya. Afanyaye yote hayo kwake hana nomino ila mama. Zipo picha za kuchapa ambazo zimetusaidia kulijadili jambo hili.

Mwenye picha hizo ni Elizabeth Catlett, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1915 na kufariki Mexico mwaka 2012. Babu na bibi zake waliwahi kuwa watumwa. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama akabaki kulea watoto watatu. Katika miaka ya 1940 Catlett alifundisha Harlem, New York, katika shule ya watu wazima ambako wengi walikuwa watu wa kazi za mikono, wakiwemo watumishi wa nyumbani. Mwaka 1946 alikwenda Mexico, na huko, katika karakana ya wachapaji iitwayo Taller de Gráfica Popular, akatengeneza mfululizo wa picha 15 za wanawake Weusi, uliokamilika mwaka 1947.

Msanii huchukua kipande cha linoliamu, yaani lile zulia gumu la sakafuni, akakichonga kwa patasi ndogo. Palipochongwa patakuwa peupe; palipobaki hupakwa wino kwa rola, kisha karatasi hulazwa juu na kukandamizwa. Picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Kibao kimoja hutoa nakala nyingi kwa gharama ndogo, jambo lililowafaa wachapaji wale waliotaka kazi zao ziwafikie wananchi wa kawaida.

Lakini sisi walimu wa lugha tulivutiwa zaidi na majina ya picha. Yakisomwa kwa mfuatano huwa masimulizi katika nafsi ya kwanza umoja. Msemaji hujitambulisha, hutaja kazi za mashambani na za nyumba za wengine. Akifika kwa Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa, hasemi "yeye". Ni "mimi" yule yule. Mtumishi asiyejulikana na shujaa wa vitabuni wanashiriki kiambishi kimoja, ni-.

Kutokana na hayo tumebuni zoezi. Mwanafunzi humhoji bibi au shangazi kuhusu kazi zake, mara nyingi kwa lugha ya nyumbani, kisha huandika kwa Kiswahili majina matano ya picha, kila moja likianza na ni-. Hapo ndipo mjadala huwaka. Bibi aliyepikia ukoo miaka arobaini aseme nilipika, nimepika au nimekuwa nikipika? Hu- ya mazoea, ambayo wanafunzi huikimbilia, tunaikataa kwa kuwa haichukui kiambishi cha nafsi.

Wanaotaka kuchapa kweli wasihangaike kutafuta linoliamu. Soli ya ndala kuukuu na wembe hutosha.