Mama, Usiufiche Mkono Unaokufa Ganzi

Asubuhi tunashika jembe, mchana tunamenya ndizi, jioni tunatwanga muhogo, na nguo za watoto bado zinangoja kufuliwa na kukamuliwa. Hayo ndiyo maisha yetu akina mama wa Mabawe. Mkono ni ule ule kutwa nzima.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani alificha maumivu yake kwa misimu miwili ya kilimo. Usiku ganzi ilimwamsha, akaukung'uta mkono ndipo apate usingizi. Aliogopa kuitwa mvivu, na majirani walimwambia amerogwa. Alipofika zahanati alikuwa akiangusha vikombe, na nyama iliyo chini ya kidole gumba ilikuwa imepungua.

Hakurogwa. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano za vidole na mshipa wa fahamu. Tukirudia kazi ile ile, hasa kwa kukaza vidole huku kifundo kimepinda, njia hiyo huweza kuvimba na mshipa ukabanwa. Haba na haba hujaza kibaba. Ujauzito na kisukari pia huongeza hatari. Wala si ugonjwa wa wakulima tu: mwaka 1713 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliandika juu ya makarani walioumia mikono kwa kuandika mno.

Tufanye nini?

• Tubadilishe kazi kabla mkono haujachoka. Tukilima kwa muda, tupumzike kidogo au tupalilie kwa mkono mwingine.
• Mpini mwembamba tuuviringishie kitambaa, tusiukaze mno.
• Nguo nzito tukamue watu wawili.
• Usiku tufunge kifundo kikiwa kimenyooka, kwa kibao laini na kitambaa, bila kukaza.
• Ganzi ikidumu wiki kadhaa, au vidole vikikosa nguvu, twende kwa mganga mapema.

Tena tuwafundishe watoto wetu wa kiume kutwanga na kufua. Kazi ya nyumba si ya mkono wa mama peke yake.

Mama yule alipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji mdogo. Sasa analala usiku kucha, lakini nguvu za kidole gumba hazijarudi zote. Kila tunapokutana hutuambia, "Waambieni wenzangu wasingoje kama mimi." Nasi tumewaambia.