Dawa ya Guangzhou, maswali ya visiwani: mradi wa afya hupimwaje?

Msimu wa Maonyesho ya Canton ukifika, Aprili na Oktoba, utawakuta wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala katika kumbi za Pazhou, wilaya ya Haizhu, jijini Guangzhou. Mzoefu wa pale haridhiki na katalogi. Hupima, huhesabu, huomba sampuli. Kisha humtafuta mwenzake aliyenunua mzigo kama huo, tuseme wa vitasa vya milango, msimu uliopita na kumuuliza: vile vitasa vilidumu? Wateja walivirudisha? Walilalamikia nini hasa? Namba anazo, lakini bila maelezo ya waliokwisha kuvitumia vitasa hivyo hatoi fedha yake.

Wataalamu wa afya nao hupima miradi kwa namna hiyo, na huiita tathmini kwa mbinu mchanganyiko. Upande mmoja una takwimu: wagonjwa wangapi, dozi ngapi, asilimia ngapi. Upande wa pili una maelezo ya watu: walielewa nini, waliogopa nini, kwa nini walikubali au walikataa. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, mfano mzuri wa kulieleza jambo hili unatoka Guangzhou kwenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Guangzhou, Profesa Li Guoqiao alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza artemisinini, dawa ya malaria iliyotokana na mpango wa siri wa Wachina ulioanza mwaka 1967 na kuitwa Mradi 523. Ni dawa ile ile iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Li na wenzake walikuja na wazo zito: badala ya kuwangoja wagonjwa zahanati, wape dawa wakazi wote kwa wakati mmoja, wazima kwa wagonjwa. Mtu anaweza kubeba vimelea vya malaria bila kuumwa, na mbu akimuuma huvichukua na kumpelekea jirani. Damu za watu zikisafishwa zote kwa mkupuo, mbu hana pa kuvipata.

Mwaka 2007 wazo hilo lilijaribiwa Mwali, kisiwa kidogo cha Komoro. Wakazi walipewa mseto wa artemisinini na piperakwini pamoja na dozi ndogo ya primakwini. Nzwani ikafuata mwaka 2012, Ngazija mwaka 2013. Takwimu za taifa zilishangaza wengi: wagonjwa wa malaria walioripotiwa mwaka 2010 walikuwa 103,670, na mwaka 2014 walikuwa 2,142. Hilo ni anguko la takribani asilimia 98.

Hapo ndipo kazi ya mtathmini inapoanza.

Dawa, au mambo mengine?

Katika miaka hiyo hiyo Wakomoro waligawiwa vyandarua vyenye dawa, na kinga nyingine za malaria zikaimarishwa. Sifa apewe nani? Namba ya kabla na namba ya baada haziwezi kujibu swali hilo. Panahitajika kundi la kulinganisha, yaani eneo linalofanana na lile la mradi ila mradi haukufika.

Rufiji, mkoani Pwani nchini Tanzania, inaonyesha uzito wa jambo hili. Kuanzia mwaka 2015 Taasisi ya Afya Ifakara na wataalamu wa China, kwa msaada wa Uingereza, walijaribu mfumo wa wahudumu wa afya wa jamii kuvifuata vijiji vyenye wagonjwa wengi, kupima watu na kutibu papo hapo. Katika kata za mradi maambukizi yalishuka kwa asilimia 81. Matokeo mazuri, lakini katika kata za kulinganisha nako yalishuka, kwa asilimia 52. Bila kundi la pili, mradi ungejipatia sifa zote, pamoja na zile zisizo zake.

Waliofikiwa na waliomeza

Zanzibar ilijaribu njia ya dawa kwa wote mwaka 2016, katika shehia 16, yaani maeneo madogo ya utawala, zenye malaria zaidi: nane zilipewa dawa kwa awamu mbili, nane hazikupewa. Watu waliofikiwa walikuwa karibu 91 kwa kila mia katika awamu ya kwanza na 88 katika ya pili. Ni mafanikio makubwa ya ugawaji. Hata hivyo, tofauti ya malaria kati ya shehia zilizopewa dawa na zile ambazo hazikupewa haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta nafuu.

Watafiti waliuliza pia nani alimaliza dozi. Waliosema wamemaliza walikuwa takribani 82 kwa kila mia. Angalia neno “waliosema”. Mgeni mwenye kalamu akikusimamia mlangoni na kukuuliza kama umemaliza dawa, ustaarabu unakusukuma ujibu ndiyo. Ndiyo maana mtafiti makini huomba aonyeshwe paketi, akahesabu vidonge vilivyobaki. Akivikuta vinne, hagombi. Hukaa mkekani akauliza siku ilivyokwenda: dawa ilimezwa saa ngapi, kwa chakula gani, nini kilitokea baadaye. Huenda akasikia kwamba kizunguzungu kilimpata mama wa nyumba, naye akaviweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto atakapopata homa. Hojaji yenye visanduku vya ndiyo na hapana haiwezi kulipata jibu hilo.

Simulizi nazo zina utaratibu

Wapo wanaodhani kwamba upande wa maelezo ni porojo. Sivyo. Mtafiti huchagua watu kwa makusudi: waliokubali na waliokataa, wanawake na wanaume, sheha, muuguzi, mvuvi anayelala dago. Hufanya mahojiano ya kina au majadiliano ya vikundi, hurekodi kwa ridhaa, huandika neno kwa neno, kisha hupanga yaliyosemwa kwa mada. Huendelea mpaka mahojiano mapya hayaongezi jambo jipya.

Mpangilio wa pande hizi mbili hutegemea swali. Kama hujui hata cha kuuliza, anza na mazungumzo, kisha tengeneza hojaji kwa lugha ya wenyeji. Kama takwimu zimeleta kitendawili, mfano kijiji kimoja kimekataa dawa na jirani yake kimekubali, tangulia na namba kisha nenda kaulize sababu. Ukitaka kuthibitisha jambo moja kwa njia mbili, ziendeshe sambamba. Kosa la kawaida ni kuandika sura mbili zisizosalimiana ndani ya ripoti moja. Dawa yake ni jedwali la pamoja: namba safu hii, kauli za watu safu ile, na safu ya tatu ieleze zinapokubaliana na zinapopingana. Zikipingana, hapo pana habari.

Mradi wa Komoro nao, pamoja na namba zake nzuri, uliandamwa na ukosoaji. Wataalamu kadhaa walihoji kama watu wenye afya njema walielewa vya kutosha kabla ya kumeza dawa wasiyoihitaji wao wenyewe, na kama madhara yalifuatiliwa ipasavyo. Hayo ni maswali ya ridhaa na imani, na hayajibiwi kwa kuhesabu wagonjwa.

Halafu likaja jaribio la muda. Wagonjwa wa Komoro walianza kuongezeka tena, na kufikia mwaka 2018 walikuwa wamezidi 15,000. Bado ni wachache sana kuliko wa mwaka 2010, lakini ni mara saba ya wale wa mwaka 2014. Zanzibar nako, sehemu kubwa ya wanaogunduliwa na malaria huwa wametoka safari ya bara. Takwimu inaonyesha kwamba ugonjwa unarudi. Nani anasafiri, msimu gani, analala wapi, kwa nini chandarua kimebaki nyumbani: hayo anayajua msafiri, na ataulizwa tu kama bajeti ya kumuuliza iliwekwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo diwani, mwandishi wa habari au mwananchi akisikia kwamba mradi umefaulu kwa asilimia 98, ana haki ya kuuliza maswali manne. Ukilinganishwa na wapi? Waliofikiwa ni wangapi, na waliomaliza dozi ni wangapi? Waliokataa walisema nini? Na baada ya wafadhili kuondoka, nani alirudi kupima? Mradi usioweza kujibu swali la tatu haujatathminiwa. Umehesabiwa tu.