Dakika Tano za Kuziba Pancha

Baiskeli ya kubeba abiria ilipata jina lake la boda boda mpakani Busia. Katika miaka ya 1960 msafiri aliyefika kituo cha forodha cha nchi moja alipakiwa nyuma ya baiskeli hadi kituo cha nchi ya pili, na waendeshaji waliwaita wateja kwa kuutaja mpaka wenyewe. Leo pikipiki zimeitwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, katika vijiji kama vya Masinya, upande wa Uganda, baiskeli ingali ikibeba mihogo, madumu ya maji na askari anayewahi zamu. Mwiba mmoja watosha kuisimamisha safari.

Fundi wa barabarani na baba mwenye nyumba hutumia gundi ile ile, ambayo wengi huiita solusheni. Kiraka cha fundi hudumu. Cha baba hubanduka kabla ya kufika sokoni, na lawama hutupiwa gundi. Aghalabu gundi haina kosa.

Gundi hiyo ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya petroli. Kazi ya kimiminika ni kuupeleka mpira ndani ya mikwaruzo ya tyubu, kisha kutoweka hewani. Kiraka kikibandikwa gundi ingali mbichi, kimiminika hufungiwa chini yake, na pale hubaki pamelegea kama uji. Joto la njia na uzito wa mzigo humalizia.

Basi tyubu ijazwe upepo na kutumbukizwa katika karai la maji. Mapovu yataonyesha tundu. Ikaushwe, ikwaruzwe kwa msasa mpaka mng'ao wake ufe. Gundi ipakwe nyembamba, ipite ukingo wa kiraka, halafu iachwe dakika tano hivi mpaka umajimaji utoweke. Hapo ndipo wengi hushindwa, hasa giza likiwa linaingia. Wengine huipuliza kwa mdomo wakidhani wanaiharakisha, kumbe wanaitia unyevu! Ikisha kukauka, kiraka kikandamizwe kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni.

Kabla ya kuirudisha tyubu, vidole vipitishwe polepole ndani ya tairi, kwani mwiba uliotoboa mara nyingi ungali umejificha humo. Tairi lenyewe likichanika, gundi hii hailitibu. Mafundi hutia kwa ndani kipande cha tairi kuukuu, nacho hufaa kwa muda tu.

Akina mama nao wana neno lao hapa. Mvuke wa gundi hushika moto upesi, hivyo kazi ifanyike uani, mbali na jiko la mkaa na taa ya mafuta. Tena mvuke huo hulevya, na mtoto anayeuvuta makusudi aweza kufa. Katika miji ya Kenya na Uganda watoto wa mitaani wameumizwa sana na gundi za namna hii. Kikopo kifungwe barabara, kiwekwe juu, pale inapowekwa dawa ya panya.