Je, Wajua? Kinga Isiyosikia

Je, wajua kwamba kovu dogo begani kwako lilianza kwa bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe? Ndiyo BCG, chanjo anayochomwa kichanga Temeke na Kinondoni. Wafaransa Calmette na Guérin waliwaotesha na kuwahamisha bakteria hao mara 230 kwa miaka 13 mpaka makali yakaisha. Binadamu wa kwanza alipewa mwaka 1921!

Sasa shika hili: wapo watoto wachache mno ambao hata bakteria hao wapole huweza kuwaua. Mwaka 1996 siri ilifichuka kwa watoto wa Malta na Tunisia. Kasoro ilikuwa kwenye jeni moja tu, ya kipokezi cha intaferoni gama.

Kipokezi ndiyo nini? Chembe za kinga huitana kwa kemikali ziitwazo saitokini, na kipokezi ndilo sikio. Konda aite "Mbagala! Mbagala!" mpaka sauti ikauke, kituo kizima kikiwa na viziwi, nani atapanda?

Bado hujashangaa? Kuna kipande kimoja cha protini kinachotumiwa na vipokezi vya saitokini 6. Jeni yake iko kwenye kromosomu X: ikiwa na kasoro, mama huibeba akiwa mzima kabisa, wanaougua kwa kukosa kinga ni wavulana.

Mmoja alikuwa David Vetter wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1971. Aliishi miaka 12 ndani ya vyumba vya plastiki visivyoingiza kijidudu! Mwaka 1977 NASA ilimtengenezea vazi maalumu ili atembee nje.

Tiba ipo, msomaji. Mwaka 1968, nchini Marekani, mtoto wa kiume asiye na kinga aliokolewa kwa uboho wa dada yake. Leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu.

Na wewe je? Yaelekea chembe zako nyekundu za damu hazina kipokezi kiitwacho Duffy, kama za Waafrika wengi. Kukikosa ni bahati: malaria ya aina ya vivaksi hupata shida kubwa kuingia kwenye chembe hizo! Ila usitupe chandarua, malaria inayotutesa zaidi Dar ni falsiparamu.

BCG ni salama kwa karibu watoto wote, kwa hiyo mpeleke wako kliniki. Lakini kama katika ukoo wenu vichanga wamefariki kwa maambukizi mfululizo, mwambie muuguzi kabla ya sindano.