Siku ya Kurudi Nyumbani: Filamu ya Kutazama Kabla ya Semina ya Vijana



Kamati ya parokia inapopanga semina ya vijana kuhusu dawa za kulevya, mara nyingi huanza na vitisho. Huletwa picha za sindano, za watu waliokonda, za jela. Vijana hutazama, hucheka kidogo, kisha huenda zao. Sababu yake si ugumu wa mioyo. Mtu wanayeoneshwa hafanani na mtu yeyote wanayemfahamu. Anayetumia kwa siri pale mtaani kwao bado ana afya, bado anakwenda kazini, na Jumapili huonekana kanisani.

Kwa hiyo tunapenda kuwaletea habari za filamu ya namna nyingine. Inaitwa Down to the Bone, nayo ilitengenezwa Marekani na mama aitwaye Debra Granik. Ni filamu huru, maana yake haikugharimiwa na kampuni kubwa za Hollywood, na ilipigwa kwa kamera za video. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika tamasha la Sundance. Granik alipata tuzo ya uongozaji, na mwigizaji mkuu, Vera Farmiga, alipata tuzo maalumu ya waamuzi. Hadithi yenyewe ilianzia kwenye filamu yake fupi, Snake Feed, iliyokwisha kupata tuzo huko huko Sundance mwaka 1998.

Wengi wetu tukisikia New York hufikiria maghorofa. Hapa tunapelekwa kaskazini mwa jiji hilo, kwenye vijiji na miji midogo ya wilaya ya Ulster, penye theluji, nyumba za kawaida na kazi za mshahara mdogo. Irene ni mama wa watoto wawili wa kiume, na kazi yake ni ukeshia katika supamaketi. Anatumia kokeni kwa siri. Mume wake naye hutumia, lakini kwake ni starehe ya mwisho wa wiki na haoni tatizo liko wapi.

Kipande ambacho mimi binafsi sijakisahau ni cha hundi. Mtoto wake anatumiwa hundi ya zawadi ya siku ya kuzaliwa. Irene anaichukua, anampelekea muuza kokeni ili ampe dawa. Muuzaji anaikataa. Hakuna kelele, hakuna polisi wala muziki wa kutisha. Mama yule anabaki na hundi ya mwanawe mkononi, na baada ya hapo anakwenda mwenyewe kwenye kituo cha tiba.

Filamu nyingi zingeishia hapo, na semina zetu pia. Ushuhuda unatolewa, watu wanapiga makofi. Granik anaendelea kumfuata Irene mpaka nyumbani, na mambo yanayomkuta huko ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Kokeni ya mumewe bado imo ndani ya nyumba. Kazini sasa anakwenda polepole, kwa kuwa zamani kasi ile ilikuwa ya dawa, na anapomweleza msimamizi wake ukweli huo, kazi inaondoka. Anaishia kusafisha nyumba za watu. Kule kwenye tiba amepata rafiki, muuguzi Bob, aliyekuwa ameacha heroini kwa miaka kadhaa, na huyo naye baadaye anairudia. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii wa kumnyooshea kidole.

Tuje sasa kwetu. Anayelifahamu bonde la Kilombero anajua msimu wa mpunga unavyozigawa familia. Mvua zikianza, wazazi wengi wa Ifakara na vijiji vya jirani huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu kwa miezi kadhaa, wakiulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Watoto wa shule hubaki nyumbani, wengine na bibi, wengine peke yao. Bangi na gongo havihitaji kusafirishwa kutoka mbali ili vimfikie kijana wa namna hiyo. Kisha huja mavuno, na fedha ya mwaka mzima huingia kwa wiki chache. Hundi ya mtoto wa Irene kwetu ni gunia la mpunga lililotoweka ghalani, na kila mtu nyumbani anajua nani kalichukua ila hakuna anayemtaja.

Lile la kasi kazini nalo si geni. Wapo wanaoamini kwamba bangi humpa mtu nguvu ya kukata miwa au kubeba magunia. Ukimwambia kijana aache bila kumwambia kwamba wiki za mwanzo huenda kazi ikamwelemea na kipato kikapungua, umemficha nusu ya ukweli.

Siku za kuacha na siku za kurudi nyumbani ni za hatari pia kwa mwili, na kamati haina budi kujua hatari hiyo ikoje. Anayeacha heroini hupatwa na arosto: maumivu, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Ni mateso makali, ingawa mara chache yenyewe huua. Kwa pombe kali mambo ni tofauti. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akifungiwa chumbani ghafla ili aache, anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali. Tusimfungie nyumbani hata kama nia yetu ni njema na tunamwombea usiku kucha. Tena aliyekaa miezi kadhaa bila heroini, iwe gerezani au kwenye soba hausi, mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani. Akirudi kijijini, akakutana na wenzake na kutumia kiasi kile kile alichozoea, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo.

Serikali ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma ikafika Zanzibar na mikoani, ikiwemo Mbeya, Mwanza na Dodoma. Dawa hii ni ya kunywa. Huondoa arosto, na humwezesha mtu kufanya kazi na kulea watoto. Hutolewa bure, lakini mgonjwa, hasa mwanzoni, lazima afike kliniki kila siku na kuinywa mbele ya muuguzi. Kwa familia ya kijijini maana yake ni kumtafutia mgonjwa chumba na chakula karibu na kliniki kwa muda mrefu. Wafadhili wetu hupenda kuuliza fedha zitanunua nini. Hapa jibu ni kodi ya chumba na nauli, vitu visivyopendeza kwenye picha ya taarifa ya mwaka. Methadoni haitibu bangi, kokeni wala gongo. Huko msaada mkubwa ni ushauri nasaha na watu wa kukaa na mgonjwa jioni, wakati ambapo zamani angekuwa kilabuni.

Wamarekani nao walichelewa. Filamu hii ilipotoka, wengi kwao walidhani dawa za kulevya ni tatizo la miji mikubwa. Mwaka 2021 peke yake zaidi ya watu 100,000 nchini humo walikufa kwa kuzidisha dawa, wakiwemo wengi wa vijiji na miji midogo kama ule wa Irene.

Kamati itakayopenda kuionesha ijue kwamba filamu ni ya Kiingereza na inakaribia saa mbili. Atafutwe mtu wa kusimama na kipaza sauti na kuitafsiri papo hapo, kama wanavyofanya watafsiri wa kwenye vibanda umiza, vijana wameshazoea. Kwa kuwa ina matukio ya watu wazima, tunashauri wasiitwe watoto, na wanakamati waitazame wenyewe kwanza. Kama muda ni mfupi, simamisheni pale Irene anapopoteza kazi, washeni taa, kisha waulizeni wazazi, kabla ya vijana: huyu akirudi kigangoni kwetu kesho, nani atampa kazi?